Several, a few au a couple: lipi la kuchagua unapotaka kusema "kadhaa" kwa Kiingereza

Kiswahili kina neno linalotumika kila mahali bila kumbana msemaji: kadhaa. Watu kadhaa, siku kadhaa, sababu kadhaa. Ukilitaja, hujasema kama unaviona vitu hivyo ni vingi au ni vichache. Umesema tu kwamba vipo na vimezidi kimoja. Kiingereza hakina neno la hivyo. Unapotaka kusema "kadhaa" kwa Kiingereza utalazimika kuchukua mojawapo ya *a couple*, *a few*, *several*, *some* au *a number of*, na kila moja linampa msikilizaji picha yake kuhusu kiasi hicho.

Hapo ndipo hata watu wanaoandika Kiingereza kizuri kabisa wanapoteleza. Wameisoma maana ya *several* kwenye kamusi, wameisoma na ya *few*, lakini barua yao ikifika inasema jambo ambalo hawakulikusudia. Kamusi yenyewe haiwasaidii sana. Nyingi zinaeleza *several* kuwa ni zaidi ya viwili lakini si vingi, na maelezo hayo yanaitosha *a few* vilevile.

Msimamo wangu niuseme mapema: usichague kwa kuhesabu. Tano inaweza kuwa *a few*, na tano hiyohiyo ikawa *several*. Chagua kwa kuangalia neno linaelekea upande gani. *Few* huelekea chini, kwenye sifuri. *Several* huelekea juu, kwenye wingi. *Couple* haliondoki mbali na mbili. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata utaweza kuyakisia mwenyewe.

## Sentensi moja, maneno manne

Tuseme fundi anamwandikia mteja kwamba mashine yake itachelewa. Ana njia nne:

"The repair will take a couple of days."
"The repair will take a few days."
"The repair will take several days."
"The repair will take some days."

Kwa sentensi ya kwanza mteja anahesabu siku mbili, na akiwa mvumilivu anaongeza ya tatu. Kiswahili tunacho kisemo kinacholingana nayo karibu sawasawa: "siku mbili tatu". Ikifika siku ya tano kimya, mteja ana haki ya kusema alidanganywa. *Couple* lina asili ya Kilatini, *copula*, yaani kiungo kinachounganisha viwili, na ndiyo maana mume na mke wanaitwa *a couple*. Katika mazungumzo neno limelegea likafika hadi tatu, lakini mbili bado imo ndani yake. Waingereza hawaiachi *of*: *a couple of days*. Wamarekani wengi katika kuzungumza huiacha, wakasema *a couple days*. Kwenye maandishi rasmi iweke, popote ulipo.

Sentensi ya pili inatuliza. *A few days* inaweza kuwa tatu, nne, hata tano au sita, lakini ujumbe wake ni kwamba muda si mrefu, vuta subira kidogo. Ndiyo maana watu wa huduma kwa wateja wanalipenda.

Ya tatu inamwandaa mteja. Siku zinaweza kuwa zilezile tano, ila sasa anaambiwa: si leo, si kesho, panga shughuli zako bila mashine hii. Fundi anayejua kwamba kipuri kinaagizwa kutoka mbali afadhali aandike *several* kuliko *a few*. Mteja atanung'unika leo, lakini hatapiga simu kesho kutwa kuuliza kama kazi imekwisha.

Ya nne ndiyo inayoandikwa sana na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu *some* ndilo neno la kwanza tulilofundishwa kwa "kadhaa". Haijavunja sarufi, lakini masikioni mwa mzawa wa lugha haijakaa vizuri. Angesema *some time* akitaka kusema muda fulani usio mfupi, au *a few days* akitaka siku. *Some days* ikianza sentensi hupata maana nyingine kabisa: "Some days I walk to work" ni "kuna siku natembea kwenda kazini", yaani baadhi ya siku, nyingine hapana.

## Asili ya *several*

*Several* lilipita kwenye Kifaransa cha Wanormani, na mzizi wake ni Kilatini *separ*, ndugu wa *separate*. Maana yake ya awali ilikuwa "-a peke yake", "mbalimbali", kitu kilichotengwa na wenzake. Maana ya idadi ilikuja baadaye. Ile ya zamani haijafa. Ukikuta "They went their several ways", hakuna njia kadhaa zinazohesabiwa pale. Kila mmoja ameshika njia yake.

Mfano mzito zaidi umo kwenye Katiba ya Marekani ya mwaka 1787. Inalipatia Bunge la nchi hiyo mamlaka ya kusimamia biashara "among the several States". Mtu akitafsiri "kati ya majimbo kadhaa" anawapa wasomaji katiba nyingine: watadhani yapo majimbo yanayohusika na mengine yaliyoachwa nje. Maana ni majimbo yote, kila moja likiwa na utu wake. "Majimbo mbalimbali" inakaribia zaidi.

Katika mikataba maana hiyo ya zamani inagusa mfuko wa mtu moja kwa moja. Chukua watu watatu waliosaini deni la milioni 9 kwa mafungu sawa. Mkataba ukisema wajibu wao ni *several*, kila mmoja anadaiwa fungu lake, milioni 3, basi. Ukisema wanawajibika *jointly and severally*, mdai anaweza kumfuata mmoja tu kati yao, yule mwenye uwezo, akamdai milioni 9 zote, naye akabaki kuhangaika na wenzake. Anayesaini huku akiwaza kwamba *severally* ni "mara kadhaa" hajui alichokikubali. Hili ningependa kila anayesaini dhamana kwa Kiingereza alijue kabla ya kushika kalamu.

Nikiwa hapohapo: katika Kiingereza cha Nigeria, na cha Kenya pia, utasikia "I have called you severally", kwa maana ya "nimekupigia mara kadhaa". Wanaokizungumza wanaelewana vizuri. Lakini kwa msomaji wa Uingereza au Marekani *severally* ni "mmoja mmoja, kila mmoja kivyake", na sentensi hiyo itamwacha akijiuliza. Ukiandikia wasomaji wa mbali, andika *several times*, au *repeatedly* kama unataka uchovu wako uonekane.

Asili hiyo ya "kimoja kimoja" inaeleza pia tabia ya *several* ya leo. Neno hili huvitenganisha vitu. Ukisema "There are several reasons", msikilizaji anajiandaa kuzisikia moja baada ya nyingine, kama ambavyo ungezitaja kwa vidole. Ukimtajia mbili halafu ukanyamaza, atahisi umempunja. Kama sababu ni mbili, sema *two*. Kama ni tatu au zaidi na zote utazieleza, *several* imekaa mahali pake, ingawa *three* ni imara zaidi.

## *Few* na *a few*: herufi moja inayogeuza maana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna herufi moja ya Kiingereza inayowagharimu waandishi wetu kama hii *a*.

"A few students came to class."
"Few students came to class."

Kiswahili cha haraka kitazitafsiri zote mbili "wanafunzi wachache walikuja darasani". Idadi inaweza kuwa ileile. Lakini ya kwanza inaona waliokuja, na ya pili inawaona wasiokuja. Wanasaikolojia Linda Moxey na Anthony Sanford, walioanza kulichunguza jambo hili miaka ya 1980, walilionyesha kwa njia rahisi mno: mpe mtu sentensi, mwambie aiendeleze kwa kuanza na *they*, kisha tazama *they* ni nani. Jaribu mwenyewe. "A few students came to class. They sat at the front." Waliokaa mbele ni waliokuja. Sasa: "Few students came to class. They were preparing for the match." Wanaojiandaa na mechi ni wale ambao hawakuja, watu ambao sentensi ya kwanza haikuwataja hata kidogo. *Few* peke yake imewaingiza mlangoni.

Kiswahili kinaweza kutofautisha, ila hakitumii neno, kinatumia mpangilio. "Ni wanafunzi wachache tu waliokuja" ni *few*: ile "ni" pamoja na "tu" inabeba masikitiko. "Kuna wanafunzi wachache walikuja" ni *a few*: walau wapo. Kabla ya kuandika Kiingereza, jiulize ungeisemaje sentensi yako kati ya hizo mbili. Ukijikuta unataka kuongeza "tu", ondoa *a*. Ukijikuta unataka kusema "walau", iweke.

Kosa ninalokutana nalo sana kwenye barua pepe ni hili: "I have few questions." Mwandishi anataka kuuliza, ana maswali machache na anaomba nafasi. Alichokiandika kinasema hana maswali ya maana, mambo karibu yote yako wazi. Alipaswa kuandika "I have a few questions". Vilevile kwenye ripoti: "Few members have paid" ni malalamiko, na "A few members have paid" ni habari njema kidogo. Mweka hazina akikosea hapo, kikao kinaanza kwa kutoelewana.

Kuna mtego mwingine ambao unawashinda hata wanafunzi wa muda mrefu: *quite a few*. Kwa kuangalia maneno yake mtu angedhani ni "wachache sana". Maana yake ni wengi. "Quite a few people complained" inasema waliolalamika si wachache. Na kwa kweli Kiswahili kina mchezo uleule: tunachukua neno la uchache, "haba", tunalikanusha, na "si haba" inageuka kuwa sifa ya wingi. Ukikumbuka "si haba", *quite a few* haitakusumbua tena. Waingereza husema pia *a good few* kwa maana hiyohiyo. *Only a few* inarudi kwenye uchache, na *very few* inakaribia kabisa kusema hakuna.

## *Several* na *a few* uso kwa uso

Sasa tuje kwenye jozi yenyewe. Njia nzuri ya kuona tofauti ya mwelekeo ni kuyawekea maneno madogo mbele na kusikiliza yapi yanakataa.

*Only a few* na *just a few* ni za kila siku. *Only several* na *just several* zinagongana masikioni, kwa sababu *only* inavuta chini na *several* inavuta juu. *Few* inakubali kipimo: *very few*, *too few*, *so few*, *fewer*. *Several* haikubali hata kimoja. Haikubali *a* mbele yake pia. *A several* haipo. Wala haipendi kukanushwa: huwezi kusema "I don't have several books" ukitaka kusema huna vitabu vingi, utasema "I don't have many". Na swali "Do you have several children?" litamshangaza mtu, Kiingereza kinauliza kwa *any* au *many*.

Kwenye mamia na maelfu yanafanana: *a few hundred people*, *several hundred people*. Angalia kwamba *hundred* haipati *s* wala *of* hapo. Ukiondoa neno la mbele ndipo vinarudi: *hundreds of people*. "Several hundreds of people" imejaa sana kwenye maandishi yetu na inafaa kufutwa.

Lakini tofauti ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote ni ya adabu na uwajibikaji. Soma hizi mbili kana kwamba zimetoka kwa mkubwa wako wa kazi:

"I found a few errors in your report."
"I found several errors in your report."

Makosa yanaweza kuwa manne katika zote. Ya kwanza inakwambia rekebisha, kazi yako ni nzuri. Ya pili inakwambia kuna tatizo. Mwalimu, mhariri au msimamizi anayejua tofauti hii anaweza kusema ukweli uleule bila kumvunja mtu moyo, au akaubeba uzito pale unapohitajika.

Kinyume chake ni kwenye habari za maafa. "Several people were killed" inayapa maisha hayo uzito. "A few people were killed" inasikika kana kwamba mwandishi anapunguza, anasema si wengi, msiwe na wasiwasi. Hakuna anayekusudia hivyo, lakini neno linaelekea chini na linamvuta msomaji pamoja nalo. Kwenye vifo, majeruhi na hasara usiandike *a few* isipokuwa una sababu maalumu ya kusema kwamba madhara yamekuwa madogo kuliko yalivyohofiwa. Hata Kiswahili, "watu wachache wamefariki" inakwaruza kwa namna hiyohiyo, na "watu kadhaa wamefariki" haikwaruzi.

Ukubwa wa kinachozungumziwa nao unabadilisha kipimo. "Several guests" kwenye sherehe ya watu mia tano na "several guests" kwenye chakula cha watu kumi hazimpi msomaji picha ya idadi moja. Ajali tatu kwenye makutano yaleyale ndani ya wiki moja zinatosha kuitwa *several*. Wageni watatu sherehe nzima hawatoshi. Msomaji anapima neno kwa alichokitarajia. Ndiyo maana orodha zinazodai *a few* ni 3 hadi 4 na *several* ni 5 hadi 7 siziamini: zinampa mtu hakika ambayo lugha yenyewe haina.

## Vitu ambavyo Kiingereza hakivihesabu

*Several*, *a few* na *a couple of* zote zinataka nomino inayohesabika, tena ya wingi. Tatizo letu ni kwamba Kiswahili kinahesabu vitu ambavyo Kiingereza kinavichukulia kama maji. Taarifa kadhaa, tafiti kadhaa, vifaa kadhaa, fanicha kadhaa, mizigo kadhaa: kwetu hakuna shida. Kwa Kiingereza *information*, *research*, *equipment*, *furniture*, *luggage*, *advice* na *evidence* havina wingi. *Several informations* na *several advices* ni makosa yanayoonekana haraka kuliko karibu yote.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza neno la kuhesabia: *several pieces of advice*, *several items of equipment*, *several studies* badala ya *researches*. Ya pili, nyepesi zaidi, ni kuhamia kwa *some*: *some advice*, *some equipment*. Hapa ndipo *some* linapoyashinda mengine yote, kwa kuwa halijali kama kitu kinahesabika au la.

*Some* lina mambo yake mengine mawili ya kuangalia. Likikaa mbele ya tarakimu lina maana ya "kama" au "takriban": *some 50 people* ni watu kama 50. Na likifuatwa na *of the* lina maana ya "baadhi ya", pamoja na dokezo kwamba si wote. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yake maarufu iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza chanzo cha madokezo ya namna hii: tunategemea msemaji atoe taarifa ya kutosha, hivyo akisema "some of the students passed" tunaelewa kuna waliofeli, kwani kama wangefaulu wote angesema *all*. *Several of the students* inadokeza jambo hilohilo. Kiswahili nacho kiko hivyo kwenye "baadhi". Usiandike *some* kwa unyenyekevu wakati unajua ni wote.

*A number of* ni *several* iliyovaa suti. Haiongezi maana, inaongeza urasmi, na mara nyingi ningeipunguza. Kitu kimoja tu cha kukumbuka: *a number of students* have *complained*, kitenzi cha wingi, lakini *the number of students* has *increased*, kitenzi cha umoja, maana pale unazungumzia idadi yenyewe. *Various* si ndugu wa karibu kama inavyodhaniwa. Hiyo ni "mbalimbali", inasisitiza tofauti za vitu kuliko kiasi chake.

## Pale ambapo hakuna hata moja linalofaa

Kuna maandishi ambayo hupaswi kuchagua kati ya maneno haya. Maelekezo ya dawa ni mfano wa kwanza. "Take a couple of tablets" inaweza kumezwa mbili au tatu; andika 2. Notisi ya mkataba ni mfano wa pili: *several days' notice* haimfungi mtu yeyote. Tarehe ya mwisho ya kutuma kazi ni wa tatu.

Mahali ambapo maneno yasiyo na idadi kamili hayakwepeki, watu wenye busara huyafunga kwa namba. Karatasi zinazoambatana na dawa katika nchi za Umoja wa Ulaya ni mfano mzuri. Madhara yanayoitwa *very common* ni yanayoweza kumpata mtu 1 au zaidi kati ya 10. *Common* ni kuanzia 1 kati ya 100 hadi kufikia 1 kati ya 10. *Uncommon* ni kuanzia 1 kati ya 1,000 hadi kufikia 1 kati ya 100. *Rare* ni kuanzia 1 kati ya 10,000 hadi kufikia 1 kati ya 1,000, na *very rare* ni chini ya hapo. Bila ngazi hiyo mgonjwa anayesoma *common* angeweza kuwaza nusu ya watu wote. Ukiandika ripoti itakayosomwa na watu wengi, unaweza kufanya vivyo hivyo: mwanzoni kabisa sema *several* kwako ni kuanzia ngapi hadi ngapi. Inachukua mstari mmoja.

## Idadi ikipanda: *dozens*, *scores* na makumi

Mwisho, kwa wanaotafsiri habari. Juu ya *several* ipo *many*, na juu ya hapo Kiingereza kina maneno mawili ambayo Kiswahili cha vyombo vya habari kinayapoteza kila siku.

*Dozens* imetokana na *dozen*, 12, kwa hiyo *dozens of people* ni angalau watu ishirini na kitu. *Scores* imetokana na *score*, 20. Abraham Lincoln alipoanza hotuba yake ya Gettysburg mwaka 1863 kwa "Four score and seven years ago" alikuwa anasema miaka 87, akihesabu kurudi 1776. Kwa hiyo *scores injured* inaanzia kwenye arobaini hivi. Zote mbili ukiziandika "watu kadhaa wamejeruhiwa" umeshusha tukio kutoka kwenye makumi hadi kwenye kiganja cha mkono. Ukiandika "mamia" umelikuza. Neno la Kiswahili lipo na ni zuri: makumi. "Makumi ya watu wamejeruhiwa" inabeba *dozens* vizuri, na kwa *scores* mtu anaweza kuandika "makumi kwa makumi".

Ukiwa unaelekea upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, usiibebe "makumi" ilivyo. *Tens of people* inaeleweka lakini wazawa hawaisemi. Wanasema *dozens of people*, hata kama hakuna aliyehesabu kwa kumi na mbili. *Tens* inarudi kuwa ya kawaida pale tu inapofuatwa na kikubwa zaidi: *tens of thousands*, makumi ya maelfu.